Ule mchoro wa ulimi tuliofundishwa sio sahihi

Kila mwaka wanafunzi wapya wanaingia kitivo cha sayansi wakiwa bado na ule mchoro wa ulimi kichwani, eti utamu unasikika nchani tu, uchungu nyuma kabisa, uchachu na chumvi pembeni. Jamani hapana. Chukua punje chache tu za chumvi uziweke kwenye ncha ya ulimi, subiri ziyeyuke, utaisikia chumvi palepale ambapo mchoro unasema ni pa sukari.

Chanzo chake ni utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, na yeye hakukosea kihivyo, alikuta tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi, shida ikaja 1942 pale mwanasaikolojia Edwin Boring wa Chuo Kikuu cha Harvard alipochora grafu ambayo watu waliisoma kana kwamba sehemu nyingine hazihisi kitu kabisa, basi vitabu vikanakili hivyohivyo miaka na miaka. 1974 mtafiti Virginia Collings akapima upya, akakuta tofauti zipo ila ni ndogo sana.

Vile vifuko vidogo vya kuonja, kila kimoja kina seli za ladha zote, hata umami (ile ladha ya tano, kama ya mchuzi wa nyama). Naumia sana nikiona mtoto aliyejibu kwenye mtihani kile alichokihisi kwa ulimi wake mwenyewe anawekewa kosa.