Spea mpya za breki za magari ya kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kipuri cha enzi zile, ambacho boksi lake halijafunguliwa, kinashinda chochote kinachotengenezwa leo." Dhana hii ina mashabiki wengi. Kwa ngoma ya breki inaweza kuwa kweli, maana chuma kikikaa pakavu hakina haraka. Mpira ni habari nyingine: huzeeka hata usipotumika. Chukua raba ya masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) iliyokaa rafuni miaka 40, uikunje kati ya vidole viwili. Mara nyingi utaona vijinyufa kwenye ule ukingo mwembamba, na ukingo huo ndio unaozuia mafuta yasipite. Ukikanyaga na kushikilia, pedali inazama polepole mpaka sakafuni. Hozi nazo huvimba kwa ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Kwa vitu vya mpira, nunua vilivyotengenezwa karibuni.

"Kikiingia, ndicho chenyewe." Hii inanitisha zaidi. Nati ya paipu ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5 na nyuzi 24 kwa inchi. Ile ya M10, yaani ya milimita 10, yenye nafasi ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, ina nyuzi 25.4 kwa inchi. Ukiweka ya inchi kwenye tundu la milimita, inaingia, inacheza kidogo, kisha inakaza. Mkono unaridhika. Kumbe imeshika kwa ncha za nyuzi tu, na siku ya kukanyaga breki kwa nguvu inaweza kuchomoka. Angalia pia mdomo wa paipu, kwani kuna unaofunguka kama faneli na kuna wenye umbo la uyoga, na tundu la mmoja halizibwi na mwingine.

Kipenyo cha ndani nacho ni hivyohivyo. Silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya breki, ya inchi 7/8 inaweza kufanana kwa nje na ya 3/4, lakini eneo la pistoni yake ni kubwa kwa takriban asilimia 36. Ukiifunga nyuma kwa bahati mbaya, magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kabla ya ya mbele, na gari likageuka.

"Mafuta ya breki ni mafuta tu." Hapana. Aina zake huandikwa DOT na namba kwenye chupa: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja ya glikoli. DOT 5 ni silikoni na haichanganyiki nazo, hata kama jina linafanana. Magari ya Kifaransa ya Citroën DS ya miaka ya baadaye hutumia mafuta ya madini ya kijani, LHM, ambayo yakigusa raba za mfumo wa glikoli huzivimbisha. Grisi ya kawaida wakati wa kufunga inaleta balaa hilohilo.

Wengine huita kila kilichotengenezwa upya feki. Feki ni kile kinachovaa jina la kampuni isiyokitengeneza. Mtengenezaji anayeweka jina lake na kukutajia kipenyo, nyuzi na aina ya mpira ni mtu wa kufanya naye biashara. Anayekujibu "kinaingia modeli zote" mwache na kipuri chake.

Usitupe kile cha zamani kabla ya kupima kipya kwa kalipa ya kupimia vipenyo. Silinda iliyoliwa na kutu mara nyingi huchongwa ndani ikavishwa bomba la chuma kisichoshika kutu, na viatu vya breki huvishwa laini mpya, yaani ile tabaka inayosugua ngoma. Vumbi la laini za zamani usilipulize kwa upepo, kwani huenda lina asbesto, lilowanishe kwanza.