Anasema Mungu amemwita: ni muumini au ni mgonjwa?

"Dini ni ugonjwa wa akili, ila wagonjwa ni wengi mno kulazwa." Utani huu umezeeka, na bado kuna wanaoutoa kama hoja. Mwaka 1907 Freud, daktari mwanzilishi wa uchambuzi-nafsi, alifananisha ibada na vitendo vya mgonjwa wa wasiwasi, yule anayelazimika kurudia jambo lilelile; kufananisha si kupima. Miongozo ya kutambua magonjwa tunayotumia leo, DSM-5 ya Marekani na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, haiorodheshi imani ya dini kama ugonjwa.

Kosa ni kutazama mtu anaamini nini. Daktari hutazama imani ilivyokuja, na ilichokuja nacho. Chukua wawili wanaosema Mungu amewaita. Wa kwanza anakwenda kazini kama kawaida, anaomba ushauri kwa wazee wa ibada, na anakiri kwamba huenda amekosea. Wa pili hajalala usiku wa nne, maneno yanamtoka mbio bila mpangilio, na namba za magari barabarani zinampa ujumbe yeye peke yake. Tena waumini wenzake ndio wa kwanza kushtuka. Ndiyo maana sichoki kusema: kabla ya kuandika neno saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtoa mtu kwenye uhalisia, waulize wanaosali naye. Wanajua mpaka wa imani na ugonjwa ulipo kuliko fomu yoyote.

"Kwa hiyo mnapiga kura, wengi wakiamini si ugonjwa?" Hapana. Saikosisi humtenga mtu na wenzake, na huja na mengine: usingizi, usemi, usafi wa mwili, kazi, vyote huyumba. Maudhui hukopwa kwa yale anayoyajua mgonjwa. Mcha Mungu atajiita nabii. Asiye na dini atasema simu yake inapelelezwa. Ugonjwa ni uleule, na muumini anaweza kuupata kama mtu mwingine yeyote.

Wapo pia wanaodhani anayerudia udhu mara ishirini ana ucha Mungu wa kupindukia. Udhu una kikomo: kiungo huoshwa mara 3, basi. Mwenye wasiwasi huosha hadi ngozi ipasuke na swala impite. Tiba ni kuosha mara 3, kufunga bomba na kuondoka na shaka yake hivyo hivyo mpaka ipungue yenyewe. Na sheikh asijibu swali lilelile kila siku. Kila jibu la kumtuliza huulisha ugonjwa.

Mjane aliyesikia sauti ya marehemu mumewe ikimwita jina? Hilo ni la kawaida katika msiba. Mwacheni.

"Nimeombewa, dawa za nini?" Omba, na umeze. Ukiacha ghafla, mara nyingi ugonjwa hurudi. Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kabla ya kufunga saumu, kwa kuwa mwili ukikosa maji kiwango cha dawa hupanda kwenye damu. Mikono ikitetemeka sana, ukitapika, ukiharisha au ukiyumba, fungua saumu, usimeze dozi inayofuata, na ukapimwe damu siku hiyohiyo.