Tezi za Adrenali Zinapopungukiwa Homoni: Maswali na Majibu

Tezi za adrenali ni zipi, na zina kazi gani?

Ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande. Hutengeneza kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili maradhi na majeraha, na aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isipotee kwa wingi kwenye mkojo. Homoni hizi zikipungua, mtu hudhoofika polepole kwa miezi mingi, na watu wa nyumbani hudhani amechoshwa na kazi tu.

Nitautambuaje ugonjwa huu, ilhali uchovu na kichefuchefu hapa Mwanza huitwa malaria kabla ya kipimo?

Ni kweli kwamba uchovu, kukonda, kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu mtu anaposimama ni dalili za magonjwa mengi. Ipo hata hivyo alama inayosaidia sana, nayo ni ngozi kukoza weusi, ingawa uso wa mvuvi anayeshinda juani hautakuonyesha lolote. Mwambie afungue kiganja, uitazame mistari yake kama imekoza kuliko zamani, kisha utazame ufizi na makovu mapya, kwa mfano pale alipokatwa na uzi wa nyavu. Wengine hupata hamu kubwa ya chumvi, hata kuilamba kavu. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kupima kotisoli katika damu iliyochukuliwa asubuhi, pamoja na madini ya sodiamu na potasiamu.

Husababishwa na nini?

Daktari Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1855, kifua kikuu kilikuwa chanzo kikubwa, na kwetu bado hakifai kusahauliwa. Mara nyingine kinga ya mwili huzishambulia tezi zenyewe. Kisha kuna chanzo tunachojiletea: kutumia prednisoloni (dawa ya steroidi, yaani inayofanya kazi kama kotisoli) kwa miezi, au kujipaka mkorogo wenye steroidi kali kwa muda mrefu, huzilaza tezi, na mtu akiacha ghafla hubaki bila kotisoli ya kutosha. Katika hali hii ya mwisho ngozi haikozi weusi.

Je, unaambukiza?

Hapana, ingawa kifua kikuu kinachoweza kuuleta huambukiza.

Matibabu yakoje?

Mgonjwa hurudishiwa homoni anazokosa. Mtu mzima kwa kawaida hupewa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya vidonge, miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, na dozi kubwa humezwa mara tu anapoamka. Aliyeharibikiwa tezi zenyewe huongezewa fludrokotisoni, inayoshika nafasi ya aldosteroni katika kuzuia chumvi isipotee. Anayetibiwa kifua kikuu amkumbushe daktari, maana rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huimaliza kotisoli mwilini upesi, hivyo dozi huhitaji kuongezwa.

Nina ugonjwa huu; nifanye nini homa ikinikuta kisiwani Ukerewe au kwenye kambi ya uvuvi?

Hapa ndipo watu hupotea. Mwili wenye afya huzalisha kotisoli zaidi wakati wa homa, lakini wako hauwezi, kwa hiyo ongeza mwenyewe haidrokotisoni: mara mbili ya dozi ya kawaida homa inapofika nyuzi 38, mara tatu ikifika 39, hadi upone, kisha urudi kwenye dozi yako. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, meza dawa ya malaria na uongeze haidrokotisoni pia. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Ukitapika vidonge au ukiharisha sana, usingoje kivuko cha kesho. Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukachomwe sindano ya haidrokotisoni ya miligramu 100 na kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi, kwa kuwa presha inaweza kushuka hadi kuua. Kwa sababu kituo kidogo kinaweza kukosa sindano hiyo, mwombe daktari wako mapema akuandikie ya kubeba, na amfundishe mtu unayelala naye kambini namna ya kuichoma pajani. Weka pia kwenye pochi kadi inayotaja ugonjwa wako na dawa hiyo, maana huenda utakapofikishwa hutaweza kusema.