Kijiko cha unga wa kijani: maswali na majibu kuhusu mwani wa lishe

Spirulina, klorela, mwani wa baharini: si kitu kilekile?

Hapana. Jina "mwani" limebeba viumbe vingi. Kuna mwani mkubwa wa baharini unaouona kwa macho, na kuna mdogo usioonekana bila hadubini, kama klorela. Spirulina kisayansi ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea. Kuila si jambo geni: Wakanembu, watu waishio kando ya Ziwa Chad, wameivuna, wakaianika na kuila tangu enzi za mababu zao. Nasisitiza tofauti hizi kwa sababu faida na hatari za aina moja si za nyingine.

Ni kweli spirulina ina protini nyingi kuliko nyama?

Ukilinganisha uzito wa unga mkavu, ndiyo. Karibu asilimia 60 ya spirulina ni protini. Lakini hakuna anayekula sahani nzima ya unga huo. Chota kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 7. Unga ni kijani iliyokolea, una harufu ya ziwani, na ukiukoroga kwenye maji unaganda kwenye kuta za glasi. Humo mna protini ya gramu 4 hivi. Yai moja lina kama gramu 6. Ukitumia vidonge vya miligramu 500, kila kimoja kina takriban gramu 0.3, kwa hiyo utameza ishirini ndipo ulifikie yai.

Kwa madini ya chuma, kijiko hicho kinatoa miligramu 2 hivi, ilhali mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi anahitaji kama 18 kwa siku. Ni nyongeza nzuri, lakini kama umepimwa ukakutwa na upungufu wa damu, endelea na vidonge vya chuma ulivyoandikiwa.

Sili nyama, mayai wala maziwa. Spirulina itanipa vitamini B12?

Haitakupa, na hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi. Sehemu kubwa ya kinachoitwa B12 ndani ya spirulina ni kemikali inayofanana nayo tu, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Baadhi ya vipimo vya maabara huihesabu kama B12 halisi, ndiyo maana unaikuta imeandikwa kwenye lebo. Mtu anaitegemea miaka miwili, mitatu, akiba ya ini inakwisha taratibu, kisha miguu inaanza kufa ganzi na kumbukumbu inapungua. Mishipa ya fahamu ikishaharibika, wakati mwingine hairudi ilivyokuwa. Tafuta kidonge cha B12 chenyewe, au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo.

Kwa upande wa omega-3, yale mafuta ya lishe yanayosifiwa kwenye samaki, habari ni njema. Mafuta yanayokamuliwa kwenye aina fulani za mwani mdogo yana DHA halisi, mojawapo ya aina za omega-3. Samaki wenyewe huipata kutoka kwenye mwani.

Inaweza kuwa na sumu?

Inaweza. Spirulina safi haina shida kwa watu wengi, ila maji inamoota huweza kuingiliwa na bakteria wengine wa kijani wanaotoa mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi. Hatari ni kubwa zaidi kwa mazao yanayochotwa kwenye maziwa ya wazi kuliko yanayooteshwa kwenye mabwawa yanayosimamiwa. Mwani pia hunyonya metali nzito kama risasi ikiwa maji ni machafu. Kabla ya kununua, uliza kama kila toleo la bidhaa hiyo limepimwa mikrosistini na metali. Muuzaji asipokuwa na jibu, acha. Kwa mtoto kuwa mkali zaidi, maana mwili wake mdogo huelemewa na kiasi kidogo tu cha sumu.

Nina tatizo la tezi ya shingo. Mwani una madini joto, si utanifaa?

Usianze bila daktari wako. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Baadhi ya mwani wa kahawia, hasa kelpu, hubeba zaidi ya mikrogramu 1,000 ndani ya gramu moja ya mwani mkavu. Kiasi hicho kinaweza kuivuruga tezi, ifanye kazi kupita kiasi au izembee. Spirulina haina madini joto ya kutegemewa.

Nani mwingine achukue tahadhari?

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu klorela ina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye lupasi au ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, kwa kuwa protini ya mwani ina kiini hicho. Mjamzito asiache vidonge vyake vya kliniki kwa ajili ya unga huu.

Spirulina inatibu kisukari, presha, saratani?

Haitibu. Kuna tafiti ndogo zilizoonyesha spirulina ikishusha lehemu na presha kidogo, na hilo linatia moyo. Lakini haijafikia kumfanya mtu aweke dawa zake kando.

Nikiamua kutumia, nianzeje?

Anza na nusu kijiko cha chai pamoja na chakula, ukae nayo wiki moja. Tumbo kujaa gesi na choo kuwa cha kijani si ajabu. Funga chombo vizuri, kikae pakavu pasipo na mwanga. Ukitokwa na upele, ukavimba midomo, ukaona macho yanageuka manjano au mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, acha mara moja, nenda hospitali, na ubebe kile kichupa ulichokuwa unatumia.