Je, wajua kuna wabunge wanaolipwa dola 100 kwa mwaka?

Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina bunge lake mbali na lile la taifa lililoko Washington. Mabunge hayo ya majimbo ndiyo yanayotunga sheria nyingi zinazomgusa mwananchi kila siku: shule, barabara, leseni, adhabu za makosa. Ila malipo yanapishana mno. Mbunge wa California hupata zaidi ya dola 110,000 kwa mwaka. Mwenzake wa New Hampshire anapewa dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, pamoja na fedha za safari ya kwenda vikaoni Concord, mji mkuu wa jimbo hilo.

Kisa ni katiba ya jimbo hilo. Kiwango hicho kiliandikwa humo mwaka 1889, enzi ambazo dola 200 zilikuwa fedha za maana, na hadi leo hakijaguswa. Kukibadili kunahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wapiga kura, na wanasiasa walio tayari kwenda kuomba nyongeza yao wenyewe ni wachache.

Isitoshe, Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina viti 400, kwa jimbo lenye watu kama milioni 1.4. Yaani kila mwakilishi ana watu wapatao 3,500 tu. Hana ofisi yake wala msaidizi, kwa hiyo ukimpigia simu anapokea mwenyewe. Na kila muswada lazima usikilizwe hadharani, ambapo mwananchi yeyote anaweza kuja kusema lake. Ukaribu huo naupenda kwa dhati.

Lakini vikao huanza Januari mpaka Juni, tena siku za kazi. Mstaafu anaweza, mwenye biashara yake anaweza. Muuguzi wa zamu au dereva wa lori atakula nini? Hata Barack Obama, aliyekuwa seneta wa jimbo la Illinois tangu 1997 hadi 2004, miaka hiyo aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago, kazi ambayo ratiba yake inapangika. Wengi hawana kazi ya namna hiyo.

California iliamua vingine mwaka 1966: wapiga kura waliridhia ubunge uwe ajira kamili. Viti vya baraza lake la chini vikabaki 80, na sasa kila mbunge anabeba karibu watu nusu milioni. Huwezi kugonga milango ya watu hao wote, hivyo kampeni ya kiti kimoja inaweza kumeza zaidi ya dola milioni moja.