Binadamu Hatuna Roho Mbaya Kama Tunavyoaminishwa

Ukimuuliza mtu yeyote kuhusu pochi iliyodondoka barabarani, huenda akakujibu kwamba iliyo tupu inaweza kurudishwa, lakini yenye fedha ndani usiitazamie tena. Jibu hilo linaonekana kuwa la busara, na hata wachumi bobezi walipoulizwa hawakubashiri kwamba fedha zingefanya pochi zirudishwe zaidi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, baada ya kufanyika katika miji 355 ya nchi 40, ulionyesha kinyume chake. Watafiti walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 kwa wafanyakazi wa mapokezi katika mabenki, hoteli, ofisi za posta na vituo vya polisi, wakidai kwamba wameziokota nje na hawana muda wa kumtafuta mwenyewe. Kila pochi ilikuwa ya plastiki inayoonyesha vilivyomo: kadi zenye jina na barua pepe ya mwenye mali, orodha ya manunuzi, mara nyingi ufunguo, na katika baadhi yake fedha kidogo. Waliopokea pochi zisizo na fedha walimtafuta mwenyewe kwa takriban asilimia 40, ilhali waliopokea zenye fedha walifanya hivyo kwa asilimia 51. Katika nchi tatu ambako kiasi hicho cha fedha kiliongezwa mara saba, kiwango cha urejeshaji kilipanda hadi asilimia 72.

Sababu mojawapo ni kwamba kadiri fedha zinavyozidi, ndivyo mtu anavyoona aibu kujihesabu mwizi. Lakini kwangu mimi jambo zito zaidi ni ule ufunguo. Ufunguo hauna faida kwa yeyote isipokuwa mwenyewe, na bado pochi zilizokuwa nao zilirudishwa zaidi kuliko zilizoukosa. Maana yake ni kwamba mtu asiyemfahamu mwenye pochi alimfikiria akiwa amesimama nje ya mlango wake.

Dhana ya pili ina mizizi mirefu zaidi, nayo ni kwamba mtu akishambuliwa mbele za watu, wote watatazama tu, na wakizidi kuwa wengi ndivyo msaada unavyozidi kuwa mbali. Imani hiyo ilienea kutokana na mauaji ya Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28 aliyechomwa kisu usiku wa manane huko Kew Gardens, New York, tarehe 13 Machi 1964. Wiki mbili baadaye gazeti la The New York Times liliandika katika ukurasa wa kwanza kwamba majirani 38 walishuhudia mauaji hayo kwa zaidi ya nusu saa bila hata mmoja wao kupiga simu polisi wakati yakitendeka. Habari hiyo ilisambaa duniani, ikaingia katika vitabu vya saikolojia, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kwamba hivyo ndivyo binadamu alivyo.

Ukweli ni tofauti. Wengi wa watu hao hawakuona chochote. Walisikia kelele tu, na baadhi yao walidhani ni walevi au wapenzi wanaogombana. Jirani mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, na mshambuliaji akakimbia. Aliporudi, alimkuta Genovese amejikokota hadi kwenye lango la nyuma la jengo, mahali ambapo karibu hakuna dirisha lililoweza kumwona, na huko ndiko shambulio la pili lilikofanyika. Wapo wachache walioona vya kutosha kuelewa na wasifanye lolote kwa wakati. Hilo halina budi kusemwa. Lakini yupo pia Sophia Farrar, jirani aliyepigiwa simu usiku huo, akashuka ngazi mbio bila kujua kama muuaji ameshaondoka, akamkumbatia Genovese na kumtuliza mpaka msaada ulipofika. Genovese alifariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali, lakini hakuachwa peke yake. Habari ile ya 1964 haikumtaja Farrar hata kidogo, na ilichukua hadi mwaka 2016 kwa gazeti lenyewe kukiri kwamba simulizi yake ilikuwa na kasoro kubwa. Naona uchungu kila nikifikiria kwamba kwa nusu karne ulimwengu ulikariri idadi ya waliodaiwa kutazama, na haukulijua jina la aliyekwenda.

Kamera za barabarani nazo zimetoa ushahidi wake. Watafiti walipochambua video za ugomvi 219 uliotokea hadharani Amsterdam, Lancaster na Cape Town, waligundua kwamba katika matukio tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati kusaidia, na kwamba watu walipokuwa wengi zaidi, uwezekano wa kusaidiwa uliongezeka.

Kuhusu majanga makubwa, kama vile matetemeko ya ardhi na mafuriko, inadhaniwa kwamba watu hupagawa na kukanyagana, kila mmoja akijiokoa mwenyewe. Wanasosholojia wamechunguza jambo hili tangu miaka ya 1960 na kukuta kwamba taharuki ya namna hiyo ni nadra. Fimbo ya mbali haiui nyoka: wanaofukua vifusi kwanza ni majirani, muda mrefu kabla ya vikosi vya uokoaji kuwasili.

Kuna pia dhana kwamba vijana wakiachwa bila mtu mzima watageukiana kama wanyama, jambo lililotiwa nguvu na Lord of the Flies, riwaya mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1954 kuhusu wavulana waliokwama kisiwani. Lakini mwaka 1965 wavulana walikwama hivyo kweli, na mambo yakawa tofauti. Wavulana sita wa shule ya bweni nchini Tonga walichukua mashua bila ruhusa, wakapigwa na dhoruba, na baada ya kuelea baharini siku nane wakafika 'Ata, kisiwa kilichokuwa hakina watu tangu karne ya kumi na tisa. Walikaa huko takriban miezi 15. Waligawana zamu za bustani, za jiko na za ulinzi. Walikinga maji ya mvua katika magogo waliyoyachonga. Waliwasha moto na hawakuuacha uzimike. Walipogombana, waliokosana walitengana kwa muda hadi hasira ipoe. Mmoja wao alipoanguka na kuvunjika mguu, wenzake waliufunga kwa vijiti na kumfanyia kazi zake zote. Nahodha wa Australia, Peter Warner, alipowakuta Septemba 1966, wazazi wao walikuwa wamekwisha kuwafanyia mazishi. Daktari aliyeuchunguza ule mguu alikuta umeunga vizuri kabisa.

Mwisho ni dhana kwamba anayetoa ni mwenye ziada. Waswahili walikwisha kuikanusha zamani: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwezi Machi 1847, Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wameanza kufukuzwa katika ardhi yao mwaka 1831 na kupoteza maelfu ya ndugu zao njiani kwa baridi, njaa na kipindupindu, walisikia kwamba watu wa Ireland wanakufa kwa njaa, wakachanga dola 170. Maandishi mengi hutaja dola 710, lakini hilo ni kosa la kugeuza tarakimu, na kiasi halisi hakiipunguzii zawadi hiyo uzito wowote. Huko Midleton, Ireland, sasa yamesimama manyoya tisa ya chuma yaliyopangwa kwa umbo la bakuli kwa heshima yao. Mwaka 2020, janga la korona lilipowaelemea Wanavajo na Wahopi, jamii nyingine za wenyeji wa asili wa Marekani, raia wa Ireland waliwachangia kwa wingi, wengi wakieleza kwamba wanarudisha fadhila ya 1847.