Spika kulia si ushahidi kwamba waya umefungwa sawa

Hapa Lubumbashi, fundi akimaliza kufunga spika za tahadhari ya moto kwenye jengo la ghorofa, hupiga tangazo la majaribio. Zote zikilia, kazi imeisha. Imani hiyo ni ya miaka mingi na inaeleweka, kwani redio ya nyumbani hupimwa vivyo hivyo. Lakini mfumo wa kuokoa watu lazima ugundue ubovu wake wenyewe kabla moto haujatokea.

Katika mifumo mingi, paneli, yaani sanduku linaloongoza mfumo, hupitisha mkondo mdogo wa umeme wa moja kwa moja, kama ule wa betri, hadi kwenye rezista, kifaa kidogo cha kupunguza mkondo, iliyofungwa mwisho kabisa wa laini ya waya wa spika. Kila spika ina kapasita, kifaa kidogo kinachozuia mkondo huo usipite ndani yake. Waya ukikatika, mkondo hukoma na paneli hutoa onyo. Sasa fundi akitoa tawi katikati ya laini ili kufikia spika mbili za korido, zitalia vizuri tu. Panya wakilikata tawi hilo baadaye, mkondo bado utafika kwenye rezista, taa ya paneli itabaki kijani, na korido itakuwa bubu. Ndiyo maana waya huingia kwenye spika, hutoka, huenda kwenye inayofuata, bila tawi.

Kwa ghorofa yenye watu wengi, mimi nasisitiza laini mbili, A na B, spika zikipishana, moja kwenye A, inayofuata kwenye B, kwa kebo inayostahimili moto. A ikikatika, B bado inawaambia watu watoke.